Akiba ya Mtunzi wa Futuhi: Kuhifadhi na Kutumia Upya Mawazo katika Tamthiliya za Molière, 1658–1673

1.0 Utangulizi

Mwaka 1660 mwandishi mmoja wa Paris, Antoine Baudeau de Somaize, alimtuhumu Molière hadharani kuwa ni mwizi. Katika dibaji ya kitabu chake alidai kwamba Molière alikuwa amenunua maandiko ya marehemu Guillot-Gorju kutoka kwa mjane wake, na kwamba humo ndimo alimochota yote aliyoyaita yake. Guillot-Gorju, ambaye jina lake halisi lilikuwa Bertrand Hardouin de Saint-Jacques, alikuwa mchekeshaji mashuhuri aliyewahi kusomea utabibu na aliyejulikana kwa kuwaigiza matabibu jukwaani. Alifariki mwaka 1648. Tuhuma hii haikuwahi kuthibitishwa. Aidha, aliyeitoa hakuwa na mikono safi, kwa kuwa mwaka huohuo Somaize mwenyewe aliigeuza Les Précieuses ridicules ya Molière kuwa mashairi na kuichapisha kwa faida yake.

Hata hivyo, tuhuma ya uongo nayo ina thamani kwa mwanahistoria. Maneno ya Somaize yanadhihirisha kwamba watu wa ukumbi wa michezo wa karne ya 17 waliona ni jambo la kawaida mchekeshaji kuwa na daftari la mizaha. Daftari hilo lilihesabiwa kuwa mali: liliweza kurithiwa, kuuzwa na kuibwa. Swali ambalo Somaize hakuliuliza, na ambalo ndilo linalochunguzwa katika makala haya, ni hili: mtunzi wa futuhi anapolifungua daftari lake baada ya miaka mingi na kulirudisha wazo la zamani jukwaani, huwa anafanya nini hasa?

Katika makala haya, istilahi futuhi inatumika kwa tamthiliya ya kuchekesha yenye muundo kamili, na kichekesho kwa mchezo mfupi, aghalabu usioandikwa wote, uliochezwa baada ya tamthiliya ndefu. Hoja inayotetewa ni kwamba Molière hakurudia wazo ili kupata kicheko kilekile. Kila aliporudia, alimpa mhusika mwingine wazo hilo, na mara nyingi mhusika huyo mpya alikuwa na cha kupoteza zaidi kuliko yule wa kwanza.

2.0 Daftari la La Grange na vichekesho vilivyopotea

Jean-Baptiste Poquelin, aliyejiita Molière, alizaliwa Paris mwaka 1622. Kundi lake la kwanza, Illustre Théâtre, lilianzishwa mwaka 1643 na kufilisika miaka miwili baadaye, naye akawekwa gerezani kwa muda mfupi kwa sababu ya madeni. Baada ya hapo alizunguka mikoani na waigizaji wenzake kwa takribani miaka 13. Huko mikoani ndiko akiba inayojadiliwa hapa ilikokusanywa.

Akiba hiyo ilijitokeza tarehe 24 Oktoba 1658, kundi hilo lilipocheza mbele ya Mfalme Louis wa 14 katika jumba la Louvre. Walianza na tanzia ya Corneille, Nicomède, ambayo haikuwavutia sana wasikilizaji waliozoea waigizaji wakubwa wa jiji. Ndipo Molière alipoomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kimoja kati ya vile alivyokuwa akiwafurahishia watu wa mikoani. Kichekesho hicho kiliitwa Le Docteur amoureux. Mfalme alicheka, na kundi likaruhusiwa kutumia ukumbi wa Petit-Bourbon. Maandishi ya kichekesho hicho hayapo tena.

Chanzo kikuu cha historia ya kundi hili ni daftari la Charles Varlet de La Grange, mwigizaji aliyejiunga nalo mwaka 1659. La Grange aliandika kila siku jina la mchezo uliochezwa na fedha zilizoingia. Hakuandika yaliyosemwa jukwaani, lakini majina aliyoyaorodhesha yanatosha kuonesha njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1660 linatokea jina la Le Fagotier, yaani mkata kuni. Linatokea pia Gorgibus dans le sac, yaani Gorgibus ndani ya gunia. Mwaka 1666 mkata kuni anageuka mhusika mkuu wa Le Médecin malgré lui; mwaka 1671 mzee anatiwa guniani na kupigwa katika Les Fourberies de Scapin. Ni vigumu kuamini kwamba mfanano huo umetokea kwa bahati.

Vichekesho viwili tu kati ya vile vya awali ndivyo vilivyosalimika katika miswada: La Jalousie du barbouillé na Le Médecin volant. Vyote viwili vinanasibishwa na Molière, ingawa wataalamu wamejadiliana kuhusu mkono halisi ulioviandika. Kwa uchambuzi huu mjadala huo hauna uzito mkubwa, kwa kuwa jambo muhimu ni kwamba vilikuwa katika akiba ya kundi lake na kwamba alivitumia.

3.0 Shule ya Waitaliano

Katika ukumbi wa Petit-Bourbon Molière alikuwa mpangaji wa pili. Waitaliano wa commedia dell'arte, wakiongozwa na Tiberio Fiorilli aliyejulikana kama Scaramouche, walikwishatangulia na kuzishika siku bora za juma. Kuishi nao chini ya paa moja kulikuwa ni masomo. Waitaliano hawakukariri andiko kamili. Walitundika nyuma ya jukwaa muhtasari wa matukio, kisha kila mwigizaji akajaza nafasi yake kwa maneno na vitendo alivyokwisha kuviandaa. Vitendo hivyo vya kuchekesha, ambavyo vingeweza kuchomekwa katika mchezo wowote, waliviita lazzi. Flaminio Scala alikuwa amechapisha mkusanyiko wa mihutasari ya namna hiyo mwaka 1611.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Domenico Biancolelli, aliyeigiza Arlequin mjini Paris kuanzia miaka ya 1660. Aliacha maandishi ya mambo aliyokuwa akiyafanya katika kila mchezo, nayo yametufikia kwa njia ya tafsiri ya Kifaransa ya karne ya 18. Maandishi hayo yanasimulia nafasi ya Arlequin peke yake; mengine yanayotokea jukwaani yanatajwa pale tu yanapomgusa. Hiyo ndiyo akiba ya mwigizaji. Mzaha unabaki kwa mwenyewe, kwa sababu Arlequin wa leo ndiye Arlequin wa kesho.

Molière alijifunza kuhifadhi kutoka kwa watu hawa, lakini matumizi yake yalifuata njia nyingine. Kwake mzaha uliweza kuhama. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika hekaya za Abunuwasi hatashangazwa na jambo hilo, kwani anajua kwamba kisa kilekile kinaweza kusimuliwa mahali pengine kwa jina la Juha. Tofauti ni kwamba katika hekaya jina hubadilika na kisa kikabaki kilivyo, ilhali kwa Molière mabadiliko ya mhusika yalibadilisha maana ya kisa kizima.

4.0 Mapigo ya baba na mlango uliofungwa

Katika Le Médecin volant, mtumishi Sganarelle anajifanya tabibu ili kumsaidia kijana aliyempenda binti wa mzee Gorgibus. Anapoletwa kumtibu binti huyo, anaushika mkono wa baba, anayasikiliza mapigo ya moyo wake, kisha anatangaza kwamba binti ni mgonjwa. Sababu anayoitoa ni kwamba damu ya baba na ya mtoto ni moja. Tunacheka kwa sababu mtumishi hajui lolote la utabibu na anaropoka tu.

Septemba 1665 Molière alitakiwa na mfalme kutayarisha burudani kwa haraka. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe kwa wasomaji, L'Amour médecin iliagizwa, ikatungwa, ikakaririwa na kuchezwa ndani ya siku tano. Kwa muda huo hakuna mtunzi anayeweza kuanza na karatasi tupu, na si ajabu kwamba mapigo ya baba yanarudi. Safari hii, hata hivyo, anayeushika mkono wa baba si mjinga. Ni Clitandre, mpenzi wa binti mwenyewe, aliyevaa mavazi ya utabibu. Na mzee anayeshikwa mkono sasa ndiye anayeitwa Sganarelle. Kitendo ni kilekile, lakini kilichokuwa ujinga wa mtumishi kimekuwa ujanja wa mpenzi. Tabibu huyu anamwaminisha baba kwamba dawa ya binti ni kumfanyia ndoa ya kujifanya, kumbe mwandishi wa mikataba aliyeletwa ni wa kweli. Baba anatia saini huku akicheka, na mzaha wa mapigo unaishia kumtoa mtoto nyumbani kwake.

Mfano wa pili ni wa mlango. La Jalousie du barbouillé inamwonesha mume mlevi aliyemfungia nje mke wake, Angélique, aliyechelewa kurudi usiku. Mke anatishia kujiua na kujifanya amejiua kweli. Mume anatoka kutazama, mke anapenya ndani na kuufunga mlango, na jamaa wanapofika anayeonekana mkosaji ni mume. Kisa hiki hakikuwa kigeni. Boccaccio alikwishakisimulia katika karne ya 14. Mwaka 1668 Molière alikipeleka Versailles katika George Dandin, na hata jina la Angélique akaliacha lilivyokuwa. Alichobadilisha ni mume. Dandin ni mkulima tajiri aliyeoa binti wa kabaila kwa tamaa ya kupanda hadhi. Hajalewa, na anayoyasema kuhusu mkewe ni kweli. Anapofungiwa nje mbele ya wakwe zake, ukweli wake haumsaidii kitu kwa sababu ya nasaba yake, naye analazimishwa kupiga magoti na kuomba radhi. Mlevi wa kichekesho cha awali alipoteza usiku mmoja wa usingizi. Dandin anapoteza heshima yote aliyodhani ameinunua.

5.0 Tamthiliya iliyoanguka

Hadi hapa akiba iliyojadiliwa ni ya mizaha iliyofaulu. Ushahidi wenye uzito mkubwa zaidi unatokana na tamthiliya iliyoshindwa.

Ukumbi mpya wa Palais-Royal ulifunguliwa Januari 1661, na tarehe 4 Februari Molière aliwasilisha humo Dom Garcie de Navarre. Hii haikuwa futuhi ya kawaida, bali tamthiliya ya kifalme iliyotokana na kazi ya Mwitaliano Cicognini, ikihusu mwanamfalme mwenye wivu anayemshuku bila kukoma mwanamke anayempenda, Done Elvire. Molière aliigiza nafasi ya mwanamfalme yeye mwenyewe. Daftari la La Grange linaonesha kwamba siku ya kwanza ziliingia livre 600, na siku ya saba, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, livre 70. Alijaribu kuirudisha jukwaani mwaka 1663, ikaanguka tena. Hakuichapisha maisha yake yote.

Wako waliosema kwamba sauti ya Molière na namna yake ya kusimama havikufaa nafasi nzito. Huenda hilo lina ukweli, lakini maandishi yenyewe yanaonesha kasoro nyingine. Dom Garcie anashuku kwa sababu ya barua iliyochanika, kisha nusu ya pili inapoletwa inagundulika kwamba aliandikiwa yeye. Anamwona Elvire akimkumbatia mwanamume, kisha inagundulika kwamba ni mwanamke aliyevaa mavazi ya kiume. Kila mara hasira yake ni kubwa na msingi wake ni hewa. Mtazamaji analazimika kusikiliza hotuba ndefu ya uchungu akijua kwamba itabatilishwa punde. Anashindwa kumhurumia, na kwa kuwa anayezungumza ni mwanamfalme katika mtindo wa kishujaa, anashindwa pia kumcheka.

Tarehe 4 Juni 1666 ilichezwa Le Misanthrope. Katika tendo la nne, Alceste, ambaye anajivunia kuchukia kila aina ya unafiki, anamkabili Célimène akiwa na barua mkononi aliyomwandikia mwanamume mwingine. Sehemu kubwa ya maneno anayomrushia ni ya Dom Garcie. Mistari mingi imehamishwa karibu bila kuguswa. Mtu aliyekuwa miongoni mwa watazamaji wachache wa 1661 angeweza kuitambua.

Kwa nini maneno yaliyoporomoka mwaka 1661 yalisimama mwaka 1666? Jibu liko kwa anayejibu. Elvire hana hatia, naye anampa mwanamfalme masharti ya kishujaa: ama amwamini bila ushahidi, ama apewe ushahidi na ampoteze daima. Célimène hana usafi huo. Kwanza anauliza itakuwaje ikiwa barua aliandikiwa mwanamke. Alceste anapomcheka, anakataa kabisa kujitetea na kumwambia aamini apendavyo. Ngurumo yote ya kishujaa inagonga ukuta wa mwanamke aliyetulia, na hapo ndipo kicheko kinapopatikana. Kisha linafuata jambo ambalo halikuwamo katika Dom Garcie. Alceste, adui wa kujifanya, anamsihi Célimène ajifanye mwaminifu, naye atajitahidi kuamini. Mwanamfalme alikuwa akihatarisha mapenzi yake. Alceste anaitoa kafara imani pekee aliyojengea maisha yake, na anafanya hivyo kwa hiari.

Si kila kipande cha Dom Garcie kilifuata njia hiyo. Mwaka 1668, katika Amphitryon, maneno ya mwanamfalme anayeomba msamaha yaliwekwa kinywani mwa Jupiter, mungu aliyejigeuza mume wa Alcmène ili alale naye. Jupiter hana cha kupoteza. Ombi lake la toba ni mchezo mtupu, na maneno yaliyokuwa ya dhati yanasikika matamu mno. Mfano huu unaikaidi kwa kiasi hoja ya makala haya, nao hauna budi kuachwa ulivyo. Pamoja na hayo, hata hapa maneno yalisubiri kinywa kingine ndipo yakapata maana.

Tarehe za mwaka 1666 zinastahili kuzingatiwa. Le Médecin malgré lui ilichezwa mara ya kwanza tarehe 6 Agosti, takribani miezi miwili baada ya Le Misanthrope. Moja ilijengwa kwa mabaki ya tamthiliya adhimu iliyoanguka. Nyingine ilijengwa kwa kichekesho cha mkata kuni ambacho chimbuko lake linarudi hadi kisa cha karne ya 13 cha mkulima anayepigwa mpaka akubali kuwa tabibu. Katika kiangazi kimoja Molière alifungua pande zote mbili za ghala lake. Ya pili ndiyo iliyowafikia wasomaji wa Afrika Mashariki, kwa tafsiri ya A. Morrison iliyoitwa Tabibu Asiyependa Utabibu.

6.0 Mali ya nani?

Molière alichukua pia akiba za wengine. Katika Les Fourberies de Scapin, mtumishi anamdanganya mzee Géronte kwamba mwanawe ametekwa ndani ya merikebu ya Waturuki na kwamba anadaiwa fidia. Mzee anarudia lalamiko lilelile, akiuliza kijana alifuata nini huko, huku akitafuta kila hila ya kutotoa fedha: washitakiwe Waturuki, mtumishi akae badala ya mwanawe, nguo kuukuu ziuzwe. Tukio hili, pamoja na lalamiko lenyewe, limo katika Le Pédant joué ya Cyrano de Bergerac, iliyochapishwa mwaka 1654. Grimarest, aliyeandika maisha ya Molière mwaka 1705, alijaribu kumtetea kwa kusimulia kwamba Cyrano ndiye aliyelichukua kwanza kutoka kwa Molière walipokuwa vijana, na kwamba Molière alisema ana haki ya kuchukua kilicho chake popote anapokikuta. Simulizi hiyo ilikuja miaka 32 baada ya kifo cha Molière na inafaa kupokewa kwa tahadhari.

Utetezi ulio bora zaidi unapatikana ndani ya tamthiliya. Cyrano aliiweka merikebu ya Waturuki mjini Paris, kwenye mto Seine, mahali ambapo mtoto mdogo angeutambua uongo. Mzee wake lazima awe mpumbavu wa kupindukia. Molière alikihamishia kisa Naples, mji wa bandari ambako hofu ya kutekwa baharini ilikuwa ya kweli. Géronte ana sababu ya kuamini. Tunachokicheka sasa ni mapambano kati ya mapenzi yake kwa mtoto na mapenzi yake kwa mfuko wa fedha, ambao anautoa na kuurudisha mfukoni bila kujitambua.

Boileau hakuridhika. Mwaka 1674, katika utungo wake kuhusu sanaa ya ushairi, alimlaumu Molière kwa kumchanganya Terence na wachekeshaji wa barabarani, na alilitaja gunia la Scapin kuwa mahali ambapo hamtambui tena mtunzi wa Le Misanthrope. Alikosea katika jambo moja. Aliyeitunza Gorgibus dans le sac kwa miaka saba na aliyeitunza hotuba ya Dom Garcie kwa miaka mitano alikuwa mtu mmoja, mwenye utaratibu mmoja wa kazi.

7.0 Februari 1673

Le Malade imaginaire ilichezwa mara ya kwanza tarehe 10 Februari 1673. Katika tendo la tatu, mjakazi Toinette anajifanya tabibu mgeni mbele ya bwana wake Argan, anatoka kwa kisingizio, anarudi akiwa mjakazi, anatoka tena na kurudi akiwa tabibu, hata Argan anakiri kwamba asingewaona wote wawili angedhani ni mtu mmoja. Hila hiyo ilitoka katika Le Médecin volant, ambamo Sganarelle anaruka dirishani huku na huko ili aonekane kuwa tabibu na papo hapo pacha wa tabibu. Gorgibus alikuwa akilindiwa binti. Argan anaogopa kufa. Aliyeigiza nafasi ya Argan alikuwa Molière mwenyewe, naye wakati huo alikuwa mgonjwa kwa kweli. Alizidiwa jukwaani katika onesho la nne, tarehe 17 Februari, na akafariki usiku huo nyumbani kwake.

Mwaka 1682 La Grange na mwenzake Vivot walichapisha kazi zake zote, Dom Garcie ikiwamo kwa mara ya kwanza. Le Médecin volant na La Jalousie du barbouillé hazikuwamo katika toleo hilo. Zilichapishwa mwaka 1819.